Maswali ya Wasomaji: Upepo, mgandamizo wa hewa na ozoni katika picha za bahari

Barua nyingi za safari hii zinazunguka jambo moja: taarifa za hali ya hewa ambazo programu inazihitaji kabla ya kuigeuza picha ya setilaiti kuwa ramani ya klorofili. Hapa tutaziita data saidizi. Barua zilizofanana tumeziunganisha. Amri zinazotajwa ni za getanc, inayopakua data saidizi, na l2gen, inayochakata picha; zote ni programu za NASA zinazokuja pamoja na SeaDAS, kifurushi chake cha picha za rangi ya bahari.

Swali: Nilipakua picha ya MODIS ya setilaiti ya Aqua, eneo la mlango wa bahari wa Pemba, siku moja baada ya kupigwa. Baada ya miezi miwili nimeipakua tena, tarehe ileile, dakika ileile. Pikseli iliyokuwa na klorofili miligramu 0.21 kwa mita ya ujazo sasa ina 0.24. Bahari ni ileile na setilaiti ni ileile. Kilichobadilika ni nini? *Mwanafunzi, Tanga*

Jibu: Zilizobadilika ni taarifa za hewa zilizotumika kuichakata. Angalia majina ya mafaili yako mawili. La kwanza bila shaka linaishia na `NRT.nc`, la pili halina herufi hizo. NRT ni toleo la haraka, linalotengenezwa saa chache baada ya setilaiti kupita, wakati data saidizi bora bado hazijatoka. Mfano ni MERRA-2, kumbukumbu ya angahewa ya NASA inayoanzia mwaka 1980: hutolewa kwa mwezi mzima kwa pamoja, wiki mbili tatu baada ya mwezi kuisha. Kwa hiyo toleo la haraka hutumia makadirio ya haraka, kisha picha huchakatwa upya data bora zikipatikana.

Kwa nini tofauti ndogo ya hewa inasukuma klorofili kiasi hicho? Kwa sababu sehemu kubwa ya mwanga unaofika kwenye kihisio haikutoka baharini. Hata kwenye rangi ya buluu, ambako maji safi hurudisha mwanga mwingi, mchango wa bahari ni kama asilimia 10 tu. Iliyobaki ni mwanga uliotawanywa na molekuli za hewa, vumbi na chumvi vinavyoelea angani, mng'ao wa jua juu ya maji na mapovu ya mawimbi. Programu hukokotoa vyote hivyo na kuvitoa, kinachosalia ndicho bahari. Ukikosea asilimia 1 ya mwanga wote, umekosea kama asilimia 10 ya bahari.

Usibahatishe ni data gani zilitumika. Zimeandikwa ndani ya faili lenyewe:

`ncdump -h picha.L2.nc | grep -iE "met1|met2|ozone1|no2file"`

Ukiona jina lenye neno `climatology`, ujue programu haikupata data za siku hiyo, ikatumia wastani wa miaka mingi wa mwezi huo. Haisimami wala haipigi kelele, inaendelea kama kawaida na ramani inatoka ikiwa nzuri tu machoni. Kwa mfululizo wa miaka tumia toleo lisilo la NRT kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho. Kuchanganya matoleo mawili ndani ya mstari mmoja wa grafu ni kutengeneza mwelekeo ambao bahari haiujui.

Swali: Intaneti ya kituo chetu ni ya kubahatisha. Kati ya data hizi zote, zipi ni za lazima kwa pwani yetu na zipi tunaweza kuziachia wastani wa miaka mingi? *Msomaji, Mombasa*

Jibu: Swali zuri, kwa sababu vitabu vingi vimeandikwa na watu wa nchi za baridi na vipaumbele vyao si vyetu.

Upepo ndio wa kwanza. Programu inahitaji kasi yake kwenye kimo cha mita 10 kwa kazi mbili. Kazi ya kwanza ni mng'ao wa jua: tangu kazi ya Cox na Munk ya mwaka 1954 tunajua kwamba mteremko wa viwimbi hufuata kasi ya upepo. Upepo mdogo hutoa mng'ao mwembamba na mkali, upepo mkubwa huutandaza na kuufifisha. Huku kwetu jua hupita karibu na utosi Februari–Machi na tena Septemba–Oktoba, na MODIS haiinamishi kihisio chake kuukwepa mng'ao kama ilivyofanya SeaWiFS na inavyofanya PACE, ambazo huinama nyuzi 20. Matokeo yake ni mkanda mpana wa mng'ao katikati ya picha. Upepo wa uongo huusogeza ukingo wa HIGLINT, alama ambayo programu huziwekea pikseli zenye mng'ao mkali, na pikseli zilizo nje kidogo ya ukingo huo hubaki na mng'ao usiotolewa wote. Utaiona kama klorofili inayobadilika ghafla kwenye mstari ambao hauna maana yoyote baharini.

Kazi ya pili ni mapovu. Upepo ukivuka takriban mita 6.3 kwa sekunde, l2gen huanza kutoa mchango wa mapovu meupe, na kiasi hicho hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi iliyozidi hapo. Hufungwa kwenye mita 12 kwa sekunde (kigezo `wsmax`). Kusi likishika Julai, mita 8 au 9 kwa sekunde si ajabu. Wastani wa mwezi utakupa namba moja laini kwa siku ya utulivu na kwa siku ambayo ngalawa zimelala pwani.

Mgandamizo wa hewa huamua kuna molekuli kiasi gani za kutawanya mwanga. Mtawanyo huo, uitwao wa Rayleigh, hukokotolewa kwanza kwa hektopaskali 1013.25, halafu hurekebishwa kwa mgandamizo halisi. Ulaya kaskazini mgandamizo unaweza kutoka 980 kwenda 1040 ndani ya wiki, kwa hiyo bila data za siku kazi yote haina maana. Kwetu mabadiliko makubwa ya kila siku ni ule mpando na mshuko wa mara mbili kwa siku, wa hektopaskali 3 au 4. Lakini usiupuuze: 4 kati ya 1013 ni asilimia 0.4 ya Rayleigh. Kwenye nanomita 443 Rayleigh ni kama robo tatu ya mwanga wote, kwa hiyo hapo unapata kosa la asilimia 0.3 ya mwanga wote na karibu asilimia 3 ya mwanga wa maji. Si kidogo, ila si msiba.

Ozoni ndiyo inayowatisha watu bila sababu. Hufyonza zaidi mwanga wa kijani na machungwa, karibu na nanomita 600, na kwenye buluu ya 443 karibu haigusi kitu. Kwenye 555, ozoni ya vipimo 300 vya Dobson, jua na setilaiti zikiwa kila moja nyuzi 30 kutoka utosini, hula kama asilimia 6 au 7 ya mwanga. Lakini karibu na ikweta ozoni hukaa kati ya 250 na 280 au hapo karibu, na kutoka leo hadi kesho haisogei sana. Kosa la vipimo 10 ni asilimia 0.2 tu kwenye 555. Kwa siku moja au mbili zilizokosekana, wastani wa miaka mingi utakuvusha. Mwenye kuchakata picha za Bahari ya Kaskazini wakati wa machipuko hana anasa hiyo.

Unyevu wa hewa hutumika kuchagua aina za erosoli, yaani chembe zinazoelea angani: l2gen ina modeli 80, makundi 8 ya unyevu kuanzia asilimia 30 hadi 95, kila kundi likiwa na mchanganyiko wa ukubwa wa chembe wa aina 10. Unyevu ukikosewa, modeli zinazochaguliwa ni za kundi jirani, na athari huonekana zaidi siku za ukungu wa chumvi au vumbi. Dioksidi ya naitrojeni ina maana kwenye 412 na 443 karibu na miji mikubwa na bandari. Barafu ya bahari hatuna. Joto la uso wa bahari ni muhimu ukitengeneza ramani za joto, kwa klorofili mchango wake ni mdogo.

Kwa hiyo intaneti ikipatikana saa moja tu, chukua mafaili ya met kwanza. Upepo, mgandamizo, unyevu na mvuke wa maji vyote vimo humo.

Swali: Natumia gridi ya MERRA-2 kwa mkondo wa kati ya Unguja na Bagamoyo. Upepo inaonipa uko chini sana kuliko tunaoukuta kwenye boti mchana. Nina hitilafu? *Msomaji, Unguja*

Jibu: Huna. Kisanduku kimoja cha MERRA-2 ni nyuzi 0.5 kwa latitudo na 0.625 kwa longitudo, yaani karibu kilomita 55 kwa 69 hapo ulipo. Mkondo wenyewe una upana wa kilomita 30 na kitu. Kisanduku kimoja kinameza maji yako, kipande cha bara na kipande cha kisiwa, na nchi kavu huupunguza upepo kwa miti na majengo. Data za zamani za NCEP, kituo cha Marekani cha utabiri wa hali ya hewa, za nyuzi 1 ni mbaya zaidi, tena hutolewa kila baada ya saa 6: saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri kwa saa zetu. Programu huchora mstari ulionyooka kati ya hizo mbili, na upepo wa bahari unaoamka adhuhuri haujui mistari iliyonyooka. MERRA-2 angalau ni ya kila saa.

La kufanya ni kuomba upepo uliotumika utoke pamoja na klorofili, `l2prod="chlor_a windspeed pressure humidity ozone"`, kisha uulinganishe na ulioupima. Ukipishana kwa mita 3 au 4 kwa sekunde siku ya kusi, pikseli za karibu na ukingo wa mng'ao ziache. Katikati ya eneo lisilo na mng'ao tofauti hiyo huumiza kidogo zaidi ya unavyodhani, ila tu kama kasi halisi imevuka ile 6.3.

Swali: getanc inasema imepakua mafaili, lakini l2gen inakataa kuyafungua. Nimeangalia, faili la met lina kilobaiti chache tu. *Msomaji, Dar es Salaam*

Jibu: Hilo si faili la met. Ni ukurasa wa kuingilia akaunti uliohifadhiwa kwa jina la faili la met. Andika `file` ikifuatiwa na jina lake. Ikikujibu HTML, ndiyo hiyo. Seva za NASA zinataka akaunti ya Earthdata, ambayo ni bure, na programu husoma jina na nywila yako kutoka faili la `.netrc` lililo kwenye folda yako ya nyumbani. Linahitaji mstari mmoja:

`machine urs.earthdata.nasa.gov login JINA password NYWILA`

Kisha `chmod 600 ~/.netrc`, maana faili likisomeka na wengine, baadhi ya programu hulikataa. Sasa sehemu inayosahaulika: futa mafaili mabovu yaliyokwisha kuingia kwenye `$OCVARROOT/anc`, au tumia `--force-download`. Usipofanya hivyo getanc italiona jina lipo, itaamini kazi imekwisha, na utarudi palepale ukidhani `.netrc` haikufaa kitu.

Mpangilio wenyewe ni hatua mbili:

`getanc picha.L1B`

`l2gen ifile=picha.L1B geofile=picha.GEO ofile=picha.L2 par=picha.L1B.anc`

Faili la `.anc` ni maandishi ya kawaida. Lifungue usome `met1`, `met2`, `met3`, `ozone1` na kuendelea kabla ya kubonyeza chochote. Angalia pia namba ya hali ambayo getanc huitoa. 0 ni salama. 1 ni met, 2 ni ozoni, 4 ni joto la bahari, 8 ni dioksidi ya naitrojeni, 16 ni barafu, na hujumlishwa. Ukipata 20, umekosa barafu na joto la bahari. Kwa klorofili ya Bahari ya Hindi endelea na kazi yako. Ukipata namba witiri yoyote, met ina kasoro: subiri, rudia baadaye.

Kama mashine ya kuchakatia haina intaneti, endesha getanc kwenye kompyuta yenye mtandao, nakili folda ya `anc` yote pamoja na mafaili ya `.anc`, kisha badilisha njia za mafaili ndani ya `.anc` kwa `sed`, kwa kuwa zimeandikwa kamili kuanzia mzizi wa kompyuta ile ya kwanza.

Swali: Picha zetu za Ziwa Victoria zinatoa buluu hasi karibu kote, hata katikati ya ziwa ambako hakuna mawingu. Tumebadilisha algoriti za klorofili tatu, bado. *Wasomaji wawili, Mwanza na Kisumu*

Jibu: Waacheni watu wa algoriti wapumzike kwanza. Tatizo huwa limeanza mapema kuliko hapo. Toa `pressure` kama zao la l2gen na msome namba iliyo juu ya maji. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mgandamizo halisi ni karibu hektopaskali 885. Mkikuta 1010 na kitu, programu inatoa Rayleigh ya hewa ambayo haipo. Ziada ni kama asilimia 14. Kwa kuwa Rayleigh ni robo tatu ya mwanga wa buluu, mnatoa takriban asilimia 10 ya mwanga wote kupita kiasi, yaani karibu mchango wote wa maji. Hasi haikwepeki. Ziwa Tanganyika, lililo mita 773, linapaswa kusoma kama 924.

l2gen inakubali mtumiaji aweke namba yake: `pressure=885`. Vivyo hivyo kuna `windspeed`, `relhumid`, `watervapor` na `ozone` (ozoni iandikwe kwa sentimita, 0.265 badala ya 265). Namba moja hutumika kwa picha nzima, kwa hiyo kateni eneo la ziwa kwanza kwa `north`, `south`, `west` na `east`, la sivyo mtaharibu Bahari ya Hindi iliyo upande wa kulia wa picha ileile.

Tahadhari moja kwa mnaochukua mgandamizo kutoka uwanja wa ndege. Ripoti ya marubani hutoa QNH, ambayo imeshahesabiwa kana kwamba kituo kiko usawa wa bahari. Mwanza na Kisumu zitawaonyesha elfu moja na kumi na kitu, mkiiweka hiyo mmerudi kwenye ugonjwa uleule. Ombeni mgandamizo wa kituo, QFE, au zidisheni QNH kwa 0.873 kwa usawa wa ziwa. Upepo wa ripoti hizo nao uko kwa noti (knots), yaani maili za baharini kwa saa; zidisheni kwa 0.514 kupata mita kwa sekunde. Kituo kilichozungukwa na majengo kisitumike kabisa kwa upepo wa katikati ya ziwa.

Swali: Nimehamia Sentinel-3, setilaiti za Ulaya. Ndani ya `tie_meteo.nc` ozoni ni 0.0058. Hiyo ni ozoni kweli? *Msomaji, Bagamoyo*

Jibu: Ni ozoni nzuri kabisa, ila kwa kilo kwa mita ya mraba. Gawanya kwa 0.000021415 upate vipimo 271 vya Dobson, vinavyofaa kwa mahali ulipo. Upepo humo umegawanywa mara mbili, mashariki na kaskazini. Chukua kipeo cha pili cha kila kimoja, jumlisha, tafuta kipeuo. Mgandamizo ni wa usawa wa bahari, kwa hiyo majibu ya wenzako wa Victoria yanakuhusu ukipanda maziwani. Data hizi zinatoka ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, na zimekuja ndani ya picha, huhitaji getanc, lakini zimewekwa kila baada ya safu wima 64 kwa picha za ubora kamili: kuna safu 77 tu kwa pikseli 4,865. Zitandaze kwa kukadiria kati ya nukta na nukta. Anayezinakili tu mpaka nukta inayofuata hupata ngazi kwenye ramani, na ngazi hizo zina upana wa pikseli 64 kamili.

Swali: Tunapima maji kwa boti na kuandika muda kwenye daftari, mfano "saa 4:30 asubuhi, 1 Agosti 2019". Nikimpa getanc muda huo anataka niandikeje? *Msomaji, Pemba*

Jibu: Hapo mnavuka saa mara mbili. Saa 4:30 asubuhi kwa Kiswahili ni 10:30 kwa saa za Afrika Mashariki, na UTC ni saa tatu nyuma, yaani 07:30. getanc hutaka mwaka, siku ya mwaka, saa, dakika na sekunde vikiwa vimeshikana. Agosti 1 ya 2019 ni siku ya 213, kwa hiyo `getanc -s 2019213073000`. Anayeandika 043000 kwa kukopi daftari hupata upepo wa saa moja na nusu asubuhi, kabla upepo wa bahari haujaamka, na programu haitamlalamikia kwa kuwa muda huo nao ni halali. Mwaka mrefu, kama 2020 au 2024, ongezeni siku moja kuanzia Machi.

Kumbukeni pia kwamba MODIS ya Aqua mwaka huo ilipita kwenu kati ya saa 7 na saa 8 na nusu mchana. Sampuli ya saa 4:30 iko saa mbili na nusu hadi nne kabla ya picha. Kwenye mkondo wenye maji kupwa na kujaa, pangeni boti iwe majini kuanzia saa 6.